Sanduku la Vipande Arobaini na Vitano

Jumatatu, 8 Januari

Mashine zimefika! Mbili! Ya kukereza na ya kuchonga chuma. Mjane mmoja wa mtaa wa Banfield niliyempangia vigae bafuni ameamua kunilipa kwa mashine za marehemu mumewe, maana anataka banda lake aweke mawaridi. Tumezileta kwa lori la mchanga. Sasa ziko bandani, nyuma ya nyumba ya Don Ermindo ninapopanga chumba, hapa Valentín Alsina. Nimezifuta vumbi. Nimezibusu. Mwaka wa kumi na tisa huu niko mbali na kwetu Caazapá, Paraguay, na hiki ndicho kitu cha kwanza kilichonijia bila mimi kukibeba mgongoni.

Mgongo wenyewe umekwisha. Daktari wa zahanati alisema mwaka mmoja zaidi wa matofali na nitatembea upande upande kama kaa. Nataka kutoka kwenye matofali. Ndiyo habari yote ya daftari hili.

Na njia ipo. Doña Nélida ana kiwanda kidogo cha maji ya gesi kona ya pili. Chupa zake ni zile za zamani zenye kichwa cha chuma: unabonyeza mkono, maji yanaruka kwenye divai yako. Ndani ya kichwa mna kijiti cha shaba kinachofungua na kufunga. Mzee aliyekuwa akivikereza amefariki, vijiti vimechakaa, chupa zinalia sss kama nyoka. Doña Nélida anataka vijiti mia mbili. Atakayemletea kimoja kisichovuja, Jumamosi saa kumi na moja jioni, kazi yote ni yake, na mwakani tena, na mwaka unaofuata. Amenipa kijiti kimoja cha mfano na ufito wa shaba, mita moja. Mmoja tu. Ukiisha, umeisha.

Na mwingine kama huo amempa Eusebio Coria!

Eusebio! Jirani yangu wa ukuta, mwenyeji wa nchi hii, mtu wa Santiago del Estero, tunabeba matofali kwenye jengo lile lile. Hana mashine yoyote. Ana tupa na keekee ya kuzungusha kwa mkono. Nimecheka mpaka kiuno kikanikata.

Jioni nikawasha ya kukereza. Ikazunguka vizuri, laini kama paka. Nikatafuta kisu cha kukatia. Hakuna. Nikavuta droo. Hakuna kisu, hakuna keekee, hakuna jiliwa la kubania kitu, hakuna hata kipimo. Mkwe wa mjane amekomba vyote! Masalale! Mashine mbili uchi wa mnyama! Ni kama kupewa dume la ng'ombe ukaambiwa kamua.

Don Ermindo akaja na kibuyu chake cha chai ya mate mkononi. Alikereza miaka arobaini na saba kwenye kiwanda cha friji. Sikio moja limebaki huko. Akazizunguka mashine, akazigonga kwa kidole, akasema ni nzima. Nisihangaike, akasema. Ninunue vipande viwili vya chuma kigumu, unene wa kidole kidogo, nivinoe mwenyewe. Jiwe la kunolea. Keekee fupi ya kuanzishia tundu na taya za kuishikia. Kalipa ya kupimia. Kwa ile ya kuchonga: jiliwa, vibanio vya kisu, na visu viwili. Basi. Vingine nitanunua siku kazi yenyewe itakaponililia.

Basi?! Nilipigwa na butwaa. Miaka arobaini na saba, halafu ndoto ya mtu inaingia kwenye mfuko wa shati!

Nikamwomba aniazime kisu chake kimoja cha zamani. Akanitazama kana kwamba nimemwomba meno yake. Akasema wakereza wana sheria: mswaki na kisu cha kukereza haviazimwi.

Jumanne, 9 Januari

Nimeliona.

Soko la Jumanne, chini ya reli. Mwenye mustachi mmoja alikuwa amelitandikia kitambaa chekundu, kama sanduku la watakatifu. Vipande arobaini na vitano! Visu vyenye ncha za rangi ya dhahabu. Visu vilivyopinda kulia, vilivyopinda kushoto, vya kazi ambazo hata hazijabuniwa. Na gurudumu moja la meno la kuchongea, upana wa sahani! Nilinyanyua sanduku. Zito! Mwashi anajua: mwiko mwepesi ni mwiko wa kitoto, nyundo nyepesi ni ya kuvunjia njugu. Chombo ni uzito.

Nilimwambia mwenye mustachi kwamba nimeambiwa vipande viwili vinatosha. Alicheka akafuta macho. Akasema, "Kaka, aliyekwambia hivyo ni mshindani wako."

Sikuwa nimeliwaza hilo! Nilihisi baridi mgongoni, na leo ni nyuzi thelathini na nane.

Nimempa baiskeli yangu. Alitaka na pampu. Nimempa na pampu.

Nimerudi kwa miguu, sanduku begani, vituo vitano vya basi. Eusebio alikuwa kizingitini anakula tikiti maji. Akauliza nimemzika nani humo. Nikamwambia nimemzika yeye. Akasema basi nimchimbie pana, maana ameshiba.

Kisha akanionyesha kijiti alichoanza kukikwangua kwa tupa. Kimepinda. Nalala kwa furaha.

Jumatano, 10 Januari

Msiba!

Nimetoka kazini saa kumi, nimeoga, nimevaa shati safi kwa heshima ya kazi mpya. Nikachagua kisu kizuri kuliko vyote. Nikakipeleka kwenye kiti chake pale mashineni. Hakiingii! Nikachukua cha pili. Hakiingii. Nimejaribu vyote, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Visu ni vinene kama dole gumba, na kiti kinapokea cha unene wa kidole kidogo. Hakuna hata kimoja! Nilikaa juu ya ndoo nikawa naangalia ukuta.

Lakini mwashi hashindwi na mlango mdogo. Mlango mdogo unapanuliwa. Nikaleta grenda ninayokatia vigae, nikakikata kile kiti cha mashine mpaka kisu kikaingia. Cheche mpaka darini! Don Ermindo aliegemea dirisha la jikoni, akashika kichwa kwa mikono miwili, akafunga dirisha.

Kisu kikaingia. Kumbe sasa kimesimama juu mno, kinaparaza mgongo wa shaba badala ya kukata. Nikainua ufito kidogo kwa kipande cha kigae kwenye taya za mashine zinazoushika. Kigae kikasambaratika kikanipiga shavuni. Nikauacha ufito utokeze mrefu, nusu mita, niwe na nafasi. Nikawasha.

Sijui niandike vipi. Ufito ulikuwa umenyooka. Halafu haukuwa umenyooka. Ulikuwa unapiga hewa kama mjeledi wa mchunga ng'ombe, nami niko chini ya meza na shati langu safi. Ulipotulia, ulikuwa mkia wa nguruwe.

Nikakata sehemu mbovu. Nikafunga upya, nikawasha haraka kabla moyo haujabadilika. Na ule ufunguo wa kukazia taya nilikuwa nimeuacha palepale kwenye taya! Ukaruka. Sikuuona ukienda, niliusikia ukifika. Nje ya dirisha la banda, upande wa pili wa ukuta, pu! Kisha sauti ya Eusebio ikiuliza kama Paraguay imetangaza vita.

Ulikuwa umeingia kwenye tikiti lake la pili mpaka mpini. Ameuleta mwenyewe, unadondosha maji mekundu. Akasema wakati mwingine nitume na kisu, nisimpasulie kwa ufunguo. Nikacheka naye, nini tena. Kichwa chake kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye tikiti.

Shaba ilipata moto sana. Nimeipoza kwa jagi langu la tererẽ, kinywaji chetu cha Paraguay, maji ya barafu na mnanaa ndani yake. Eusebio akachungulia juu ya ukuta akauliza kama mashine nayo ni ya Caazapá.

Shaba iliyobaki: sentimita sabini na moja.

Alhamisi, 11 Januari

Asubuhi kabla ya kazi nikaenda kuitazama mashine. Imeota kutu! Pale nilipomwagia tererẽ, pana rangi ya chungwa, na majani ya mnanaa yamebandikana kama stempu. Usiku mmoja tu! Nilidhani chuma kina aibu zaidi ya hivyo.

Jioni nikapata kitu kinachofanana na kijiti. Nilikikereza nusu, nusu nikakimalizia kwa tupa (Eusebio asijue). Kilikula shaba nyingi. Sasa kinahitaji mfereji upande mmoja ambamo mkono wa chupa unaingia. Zamu ya mashine ya kuchonga.

Lakini kijiti kishikwe na nini? Jiliwa sina. Sandukuni kuna vipande arobaini na vitano, na hakuna hata kimoja kinachoshika kitu! Vyote vinakata! Nilivimwaga sakafuni nikavihesabu tena nikidhani kimejificha. Don Ermindo alipita na maji ya kumwagilia nyanya, akasema neno moja: "Jiliwa." Akapita.

Hapo ndipo akili ya mwashi ikaniwakia. Maisha yangu yote, kitu kisichotulia nimekitulizaje? Nguzo? Bomba? Fremu ya dirisha? Nikaleta saruji. Ile inayokauka upesi. Nikakoroga, nikaimwaga juu ya meza ya mashine, nikakilaza kijiti ndani mpaka nusu, nikasawazisha kwa mwiko, nikaweka pima maji. Kiputo katikati kabisa. Saa moja baadaye kimeshika! Hata tetemeko la ardhi lisingekitikisa. Nilisimama nikakitazama nikaona uchungu kwamba marehemu baba hayupo.

Kisu cha kuchongea nacho hakikuwa na kibanio. Nikakizungushia bati la kopo la nyanya, nikakipiga nyundo mpaka kikaingia kwenye tundu lake. Nikawasha.

Kilianza vizuri. Naapa kilianza vizuri. Mfereji mzuri, ulionyooka. Kisha kisu kikaanza kushuka chenyewe. Sikukigusa! Kikashuka polepole kama mtu anayeingia maji ya baridi. Kikapita mfereji. Kikapita kijiti. Kikapita saruji. Kikaanza kuila meza ya mashine, na mimi nimesimama mdomo wazi mpaka niliposikia Eusebio akipiga kelele juu ya ukuta, "Zima, wewe! Zima!"

Nikazima. Vumbi jeupe kila mahali. Eusebio akasema amefanya kazi na Waparaguay miaka kumi na hajawahi kuona mtu akijenga msingi wa kijiti.

Hapo hapo akanionyesha chake. Kimekuwa chembamba. Kimenyooka. Kinang'aa!

Kinang'aa kuliko kiatu cha askofu!

Sentimita kumi na tano.

Ijumaa, 12 Januari

Saruji imeshuka kwenye mifereji ya meza ya mashine ikakauka humo. Nimetoka kazini kubomoa ukuta, nimekuja nyumbani kubomoa mashine. Patasi na nyundo. Kila nikipiga, mgongo unanijibu. Nilifika mahali nikaweka patasi chini nikasema kwa sauti, na hakukuwa na mtu, kwamba basi narudi kwenye matofali, kaa naye ana haki ya kuishi.

Kumbe Don Ermindo yuko mlangoni. Nilitegemea atukane. Nyumba yake, banda lake, na kwake mashine ni kama mtu wa ukoo. Hakutukana. Alipitisha kidole kwenye meza iliyoliwa, akapuliza vumbi la saruji, akaketi juu ya sanduku langu.

Kisha akatoa kitambaa mfukoni mwa shati, akakifungua. Ndani mna kipande cha chuma, urefu wa kidole, cheusi, kifupi kwa kunolewa miaka. Kidogo kama cha kuchokolea meno. Nikamkumbusha sheria ya mswaki. Akasema sheria ni sheria, yeye haazimi mtu. Ila yeye ni mzee, anasahau vitu. Leo amesahau kitu mezani, na kesho akikumbuka atakuja kukichukua.

Akasahau na maneno pia. Shaba hukatwa kavu, bila maji, bila mnanaa. Kisu chake kiwe bapa juu, si kama hizo ncha zangu za dhahabu ambazo hujichimbia ndani. Ufito utokeze vidole vitatu, usizidi. Kiti cha kisu nilichokikata kiwekewe bamba la chuma chini ya kisu mpaka ncha iwe sawa na kitovu cha ufito. Si kigae, chuma. Na mfereji? Msumeno wa chuma na tupa, dakika kumi. Mashine ya kuchonga ilale kwanza, imeumia.

Nilichoka mno kubishana. Nilifanya kama alivyosema.

Salaala! Shaba ilitoka kama nyuzi za jua. Haikulia, haikutetemeka. Nilisimama nikiogopa kupumua. Kijiti kikazaliwa mara ya kwanza, kikanyooka, laini kama ulimi! Nikakata mfereji kwa msumeno. Nikakipima kwa kalipa ya Don Ermindo, ambayo pia aliisahau. Sawasawa na cha mfano.

Sentimita tisa zimebaki.

Nimekaa nimefikiri jambo hili limewezekanaje. Nadhani nimeelewa. Mashine ilikuwa bado haijazoea. Visu vyangu arobaini na vitano vimeifundisha kazi siku mbili, na leo ikaiva. Kile kisu kidogo cha Don Ermindo kimekuta chakula kimeshapakuliwa.

Jumamosi, 13 Januari

Siku ya siku!

Saa sita, tulipofunga kazi, msimamizi Villalba aliniambia Jumatatu nipande ghorofa ya nne na matofali. Nikamwambia apande yeye na matofali yake, na toroli nikampa maelezo ya mahali pa kuliegesha ambayo siwezi kuyaandika hapa. Eusebio aliangusha ndoo. Akaniuliza kama nimepigwa jua. Nikamwambia mkereza hapandi ghorofa.

Saa kumi na moja kiwandani kwa Doña Nélida. Alikuwa ametoka saluni, nywele zimesimama kama keki, jioni ana harusi ya mpwa wake. Don Ermindo alikuwepo, amekuja kubadilisha chupa zake sita za wiki. Doña Nélida akasema tumalize upesi, wavulana, yeye hana nywele za akiba.

Kwanza Eusebio. Kijiti chake kinameremeta, kila mtu akasema "aa!" Wakakitia kichwani mwa chupa, wakajaza maji na gesi. Kimya. Hakivuji! Nilihisi ghorofa ya nne ikinijia kwa miguu yake. Doña Nélida akainama kusikiliza vizuri, sikio karibu na mdomo wa chupa.

Sss.

Kisha maji yote! Lita nzima! Usoni, shingoni, kwenye keki! Kinang'aa, ndiyo, lakini si duara. Tupa ya mkono imekiacha na kona. Doña Nélida alisimama nywele zimemlala kama mwani, wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Coria. Nenda nyumbani."

Changu. Wakajaza. Alisogea mbali sana safari hii, akamtuma mfanyakazi asikilize. Kimya. Dakika tano. Kimya. Akabonyeza: fshaa! Akaachia: kimya.

Sikuamini. Mimi, Zenón Fretes, darasa la nne! Doña Nélida, anadondosha maji, akanishika mkono akaniita "maestro", fundi bingwa. Kazi ni yangu. Amenipa fito kumi. Vijiti ishirini vya kwanza Jumamosi ijayo. Vikiwa kama hiki, mia mbili vyote ni vyangu, na kila mwaka. Vikivuja, ataagiza kutoka mji wa Rosario.

Kisha akaniuliza nimekikereza kwa chombo gani, maana kimetoka safi ajabu.

Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema nina sanduku la vipande arobaini na vitano, vya ncha za dhahabu.

Don Ermindo aliyekuwa anapanga chupa zake akageuza lile sikio zima. Akasema, "Kumbe." Akabeba chupa zake akaondoka.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Bandani, juu ya meza, pale palipokuwa na kisu kidogo na kalipa, pana duara la vumbi na hakuna kitu. Amekumbuka! Leo leo! Mzee wa miaka themanini, kumbukumbu kali namna hiyo! Nilishangaa kweli.

Jumapili, 14 Januari

Asubuhi nimejaribu kijiti cha kwanza kwa kisu cha dhahabu. Ufito wa kwanza kati ya kumi sasa ni mkia wa nguruwe.

Nimekwenda kwa Don Ermindo na chipá za moto, mikate ya jibini ya kwetu, nimezioka mwenyewe. Alikula mbili. Nikazungumza juu ya usahaulifu, jinsi ulivyo jambo zuri uzeeni. Akasema siku hizi anakumbuka kila kitu. Akanirudia orodha yake ile ile: vipande viwili vya chuma kigumu, jiwe la kunolea, jiliwa. Duka lipo mtaa wa pili, linafunguliwa kesho saa mbili. Atanifundisha kunoa yeye mwenyewe, bure. Nilimshukuru sana. Inasikitisha mtu mwema namna hii hawezi kukua kiufundi.

Eusebio amechungulia juu ya ukuta. Villalba amekwisha kumpata mtu wa kupanda ghorofa ya nne badala yangu. Eusebio akasema kama nina akili nimsikilize mzee. Nimemwambia ndiyo maana yeye bado anabeba matofali.

Nimefikiri mchana kutwa, nimelala chali kwa ajili ya mgongo, nikitafuta kosa langu liko wapi. Nikaliona ghafla mpaka nikaketi! Arobaini na vitano ni vichache! Mtu anategemea nini kwa nusu sanduku? Na mwenye mustachi alinionyesha lingine kubwa zaidi, la vipande tisini, lina mfuniko wa mbao na bawaba za shaba. Wanaume wawili hulinyanyua kwa shida. Sikuthubutu hata kuliuliza siku ile.

Keshokutwa ni Jumanne, soko lipo. Baiskeli sina tena, lakini nina grenda ya kumpa, na toroli langu mwenyewe la zege, gurudumu zima. Nitalitumia kubebea sanduku mpaka nyumbani kwanza, kisha mwenye mustachi atakuja kulichukua. Toroli la nini kwangu? Mimi ni mkereza.

Imebaki shida ya kushika vijiti kwenye mashine ya kuchonga. Hiyo nimeshaitatua leo. Safari ile saruji ilikuwa nyepesi mno. Nimepata mfuko mzima wa ile ya kujengea madaraja.